Pongezi kwa bodaboda wa Bariadi

Lami imeufungua Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Basi linatoka Bariadi hadi Lamadi, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, bila abiria kumeza vumbi. Lakini basi hukomea stendi. Mkulima wa pamba wa vijiji vya ndani, Itilima au Meatu, bado ana safari, na hapo bodaboda ndiye mwenyeji wake.

Masika udongo mweusi wa mbugani hunata na kujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Dereva hushuka, huchokonoa tope kwa kijiti, husukuma, kisha safari huendelea. Nyuma yake pengine kakaa mama mjamzito anayewahi zahanati. Wapo wanaopakia mishikaki na kukimbiza mno. Hilo silitetei hata kidogo. Ila wengi ni vijana wa mkataba, ambao hesabu ya tajiri lazima itimie hata mvua ikinyesha kutwa. Hongereni sana, wanangu. Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, tunawapigia ninyi, nanyi mnakuja.