Mama Mwenye Mshipi wa Mtoto

Anayesoma Ndugu Karamazov, riwaya ya Mrusi Fyodor Dostoevsky iliyotoka mwaka 1879 na 1880, hukumbuka kwanza hoja za Ivan. Kijana huyo msomi anamwambia mdogo wake Alyosha kwamba hata kama mwisho wa mambo yote ni amani, yeye haitaki amani iliyonunuliwa kwa machozi ya mtoto asiye na kosa. Ni swali zito, na waumini tusijifanye kuwa tunalo jibu mfukoni.

Lakini mwandishi alikwisha kuligusa mapema, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hupita tu. Nje ya monasteri, wanawake wa vijijini wanamngoja Mzee Zosima. Mmoja ametoka mbali. Alikwisha kuzika watoto watatu, lakini huyu wa mwisho, Alexei, aliyekufa ikiwa imebaki miezi mitatu atimize miaka mitatu, ndiye aliyemkausha roho.

Zosima anaanza kama tunavyoanza sisi: mtoto yuko mbele za Mungu, anafurahi pamoja na malaika. Mama anajibu kwamba mumewe humwambia hivyohivyo, tena huku analia. Mbingu haitilii shaka. Anachotamani ni kusikia vile vimiguu vikitembea chumbani, mara moja tu. Anatoa kifuani mshipi wa mtoto, na hapo kilio kinamzidi.

Tazama mzee anachofanya. Anamkumbusha Raheli wa nabii Yeremia, kisha anamruhusu asifarijike. Alie, ila kila aliapo akumbuke kwamba mwanawe yu hai kwa Mungu. Halafu anamwamuru arudi nyumbani kwa mumewe, maana ameondoka miezi mitatu. Hapo mimi nilikwazika kidogo. Niliona amri imekuja upesi mno. Niliporudia kusoma ndipo nilipomwona yule baba, naye amefiwa, amebaki peke yake.

Dostoevsky hakuyabuni haya mezani. Mei 1878 mwanawe mwenyewe, naye Alexei, alifariki kwa kifafa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kifafa ulikuwa ugonjwa wa baba. Mwezi uliofuata alikwenda monasteri ya Optina, akaonana na Mzee Amvrosy. Mkewe, Anna, aliandika baadaye kwamba maneno ya Zosima kwa mama yule ndiyo mumewe aliyomletea kutoka huko.

Zamani kidogo nilikaa msibani kwa jirani aliyefiwa na mtoto. Nikasema yale maneno ya Ayubu ambayo sote tunayajua. Mama wa mtoto aliniangalia, akanyamaza, na mimi nikahesabu ukimya ule kuwa ni imani. Sikufikiri kwamba Ayubu aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe, si juu ya watoto wa mwingine.

Kitabu ni kirefu, na kesi ya mauaji kule mwishoni inachosha. Asiye na nafasi ya kukimaliza na asome sura hiyo ya wanawake, iliyo katika kitabu cha pili cha riwaya. Ni kurasa chache tu. Mimi nimezisoma mara nne, na kwa yule jirani bado sijarudi.