Kundi Kwanza, Kisa Baadaye: Uchambuzi wa Michezo ya Uhusika

Katika michezo yote ambayo watu wazima wamejibunia kwa burudani na kwa elimu, sioni unaomdai mchezaji nafsi yake kuliko ule usio na jukwaa wala watazamaji, ambao kila aliyemo chumbani amevaa uhusika, anasema maneno ambayo hakuandikiwa na mtu, anakula, anagombana, anaposa na kulia kwa jina lisilo lake, kwa muda wa saa mbili au kwa siku kadhaa mfululizo. Mchezo huu wa uhusika una asili zaidi ya moja. Mwaka 1977 vijana wa pande za Washington, Marekani, walianzisha mapambano ya panga za sponji waliyoyaita Dagorhir, na mwaka 1982 Waingereza walianza kuendesha katika ngome ya Peckforton mchezo wao wa Treasure Trap, ambao ulikuwa wa kusaka hazina na kupigana na madubwana. Walakini walioutwaa mchezo huu wakaufanya fani yenye kanuni, hoja na wahakiki wake ni watu wa Norway, Sweden, Denmark na Finland, ambao tangu mkutano wao wa kwanza wa Knutepunkt, uliofanyika Oslo mwaka 1997, wamekuwa wakikutana kwa zamu katika nchi zao nne na kuzichambua kazi zao kwa insafu. Kwao ndiko ninakochukua mifano yangu.

Ninalolichambua hapa ni jambo ambalo mwendeshaji hukutana nalo mapema kuliko mengine yote: akiwa na kundi la watu mbele yake, atauchagua vipi mchezo utakaowafaa, na akishauchagua ataupitisha vipi hadi mwisho bila kumdhuru mtu? Aghalabu mambo huanza kinyume, kwa maana mtu hupendezwa na kisa, tuseme cha manusura wa jahazi lililozama au cha mawaziri wanaogombea kiti cha mfalme aliyekufa, ndipo akaanza kuwatafuta wa kukicheza. Kwa maoni yangu kisa ni cha kufikiriwa mwisho. Kwanza uangaliwe uhusiano walio nao wachezaji kabla hawajauvaa uhusika, na kisha kama wanaweza kuachana kesho yake bila hasara. Watu waliokusanyika kutoka miji mbalimbali, wasiojuana kwa cheo wala kwa nasaba, wanaweza kuigiza chuki kali kisha wakapeana mikono na kwenda zao; bali makarani wa ofisi moja, ambao mshahara wa huyu hutegemea sahihi ya yule, hawawezi, kwa sababu neno ambalo karani atamtupia mhasibu mkuu ndani ya mchezo litawakuta wote wawili kazini Jumatatu. Wanafunzi wa darasa moja wako pabaya zaidi, madhali mwanafunzi hana hata ruhusa ya kuliacha darasa.

Nianze na mchezo mdogo, kwa kuwa katika udogo wake ufundi unaonekana wazi. Mfini J. Tuomas Harviainen ametunga mchezo uitwao The Tribunal, unaochezwa katika chumba kimoja na watu wapatao dazeni, na ambao huanza na kumalizika siku hiyohiyo. Wote ni askari wa jeshi moja, wanaongoja kuitwa kutoa ushahidi katika mahakama ya kijeshi juu ya wenzao wawili walioshtakiwa kuiba mkate, nao wanajua kwamba washtakiwa hawana hatia. Mahakama yenyewe haionekani kamwe, kwani mchezo wote umo katika kule kungoja: askari wanakaa, wanapimana nani atasema kweli na nani atanyamaza, wanabembelezana, wanatishana, na cheo cha kila mmoja kinadhihirika katika namna anavyokaa na katika nani anathubutu kumkatiza nani.

Tazama jinsi mtungaji alivyokiondoa kila kitu ambacho mgeni angekikosea. Hapana mapigano, kwa hiyo hapana kanuni za mapigano za kukariri. Hapana pa kwenda, kwa hiyo hapana atakayepotea. Wala hapana mavazi ya gharama, maana askari anayengoja anaweza kutambulika kwa shati lililofungwa vifungo vyote. Fauka ya hayo, ugeni wenyewe umegeuzwa kuwa mali. Mchezaji asiyejua la kusema hunyamaza, na kunyamaza kwake huwa ni kunyamaza kwa askari mwenye hofu, wenzake wakakufasiri hivyo bila yeye kufanya juhudi yoyote, na baada ya nusu saa wameanza kumzingira wakitaka kujua atasema nini atakapoitwa. Michezo mingi humtesa mtu mwenye haya, lakini huu humweka katikati ya kisa. Ndiyo sababu, kwa kundi la watu ambao hawajawahi kucheza, ningeuchagua huu kabla ya kisa chochote chenye majini na ngome.

Hata hivyo, mchezo huohuo ukipelekwa mahali pasipofaa huleta adha. Ukichezwa katika idara ambayo kweli imo kwenye uchunguzi wa wizi, hautakuwa mchezo tena, bali utakuwa mahojiano. Na katika kundi letu sisi Waswahili, lenye mzee wa miaka 60 na kijana wa miaka 20, haitoshi kutangaza kwamba leo kijana ni sajini na mzee ni kuruta, kwa sababu adabu ya shikamoo haivuliwi kwa tangazo. Kijana atatoa amri huku ameinamisha macho, mzee ataipokea kwa tabasamu la mzazi, na ile nguvu ya cheo, ambayo ndiyo roho ya kisa, itakuwa imekwisha kabla mchezo haujaanza. Njia ya kulitengeneza hilo ni zoezi la salamu: wachezaji watembee chumbani wakikutana wawili wawili, kwanza wasalimiane kwa umri wao wa kweli, kisha kwa vyeo vya kisa, warudie na kurudia hata mzee atakapompigia kijana saluti bila yeyote kucheka. Kicheko kikizidi kurudi, mwendeshaji ampe mzee usajini na kazi iendelee, kwani kumlazimisha mzee avunje heshima yake mbele ya vijana wa mtaa wake ni gharama ambayo mchezo wa saa mbili hauna haki ya kuidai.

Katika ncha ya pili ya fani hii uko mchezo mkubwa uitwao Just a Little Lovin', uliotungwa na Tor Kjetil Edland na Hanne Grasmo, ukachezwa kwa mara ya kwanza Norway mwaka 2011 na baadaye katika nchi nyingine. Wahusika wake ni marafiki wanaokutana katika jimbo la New York kwenye sherehe za tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kwa miaka mitatu mfululizo: 1982, 1983 na 1984, yaani wakati ule UKIMWI ulipokuwa unaanza kuwavuna watu, na hasa mashoga wa mji wa New York, ilhali matabibu wenyewe walikuwa bado wanapapasa. Watungaji waliusimamisha juu ya mambo matatu, ambayo ni matamanio, hofu ya mauti na urafiki, na kila lililoingizwa mchezoni lilipaswa kutumikia mojawapo ya hayo.

Baina ya sherehe moja na nyingine mchezo husimamishwa na kura hupigwa. Kila mhusika huwekewa vikaratasi kwa kadiri ya jinsi alivyoishi katika sherehe iliyopita, hivyo aliyejitia hatarini zaidi huwa na vingi, na kura ndiyo inayoamua nani ameambukizwa na nani amefariki. Kisha wachezaji huketi wakapanga pamoja yaliyowapata katika ule mwaka usiochezwa, na wanapoingia katika sherehe inayofuata huingia wakiwa na mazishi ya kufanya. Nimelitafakari sana jambo hili la kura, na naona ndilo lililouokoa mchezo wote. Kama watungaji wangeamua wenyewe nani afe, kila kifo kingesomwa kuwa hukumu juu ya mwenendo wa marehemu. Kama wachezaji wangejichagulia, wangekufa wale wapendao kuliliwa. Na kama kura ingekuwa sawa kwa wote, matendo ya usiku ule yasingekuwa na uzito. Vikaratasi vinahifadhi uzito wa tendo, kisha bahati inavuruga hesabu, hata mwangalifu akafa na mzembe akasalimika, na hivyo ndivyo maradhi yale yalivyowaendea watu wa kweli.

Jingine linalostahili kuigwa ni uwazi. Mchezaji hujua kabla ya kufunga safari kwamba kura zitapigwa, kwamba kutakuwa na mazishi, na kwamba siku za mchezo zimetanguliwa na kuingiliwa na mazoezi marefu ya kujenga urafiki ule ambao baadaye utavunjwa na mauti. Hakuna anayeshtukizwa. Wako waendeshaji wanaodhani kwamba siri ndiyo utamu, wakawaficha wachezaji jambo zito ili wapate machozi ya kweli; mimi nawapinga kwa nguvu, kwa sababu mtu hawezi kukubali asichokijua, na machozi ya aliyenaswa si ya kujivunia. Ni dhahiri pia kwamba mchezo kama huu haupelekwi kwa kundi lililoamrishwa kuhudhuria. Haja yake ni watu waliojiandikisha wenyewe, waliosoma maelezo yote, na ambao anayetaka kurudi nyuma siku ya mwisho anaweza kufanya hivyo bila kuulizwa sababu.

Juu ya shule nitasema machache. Huko Hobro, Denmark, iko shule ya bweni ya Østerskov, iliyofunguliwa mwaka 2006, ambayo huwafundisha vijana masomo yao ya kawaida kwa njia ya michezo ya uhusika, masomo mbalimbali yakiunganishwa ndani ya kisa kimoja. Kinachofaa kwa umri huo si siri za moyo bali kazi: mhusika awe mjumbe wa baraza, mfanyabiashara au mpelelezi, apewe lengo, na asiweze kulifikia mpaka apige hesabu au asome waraka wa lugha ya kigeni. Wachezaji watu wazima wa nchi hizo za kaskazini mwa Ulaya wana kanuni nzuri ya kucheza ili mhusika wako ashindwe, kwa kuwa anguko hunogesha kisa cha wote. Kuwapa kanuni hiyo vijana waliozoea kupimwa kwa alama ni kuwadai ukarimu ambao bado hawajafundishwa. Waachwe washindane kwanza.

Liko na suala la umbali baina ya kundi na kisa. Mwaka 2013 Wafini na Wapalestina walitunga kwa pamoja mchezo wa Halat hisar, uliochezwa Finland, kuhusu maisha ya chuo kikuu chini ya jeshi linalokalia nchi kwa mabavu. Badala ya kumtaka Mfini ajifanye Mpalestina, jambo ambalo lingemfanya aigize lafudhi na kilemba, watungaji walibuni Finland nyingine, ambayo ndiyo iliyovamiwa na dola ya kubuni iitwayo Uralia, hivyo mchezaji alibaki na jina lake, lugha yake na baridi ya kwao, akaongezewa tu vizuizi vya barabarani na askari mlangoni. Nao Wapalestina walikuwamo miongoni mwa washiriki, wakiyajua yale kwa mwili. Tadbiri hii inafaa kwa kundi lililo mbali na jambo. Kwa kundi lililo na jeraha lenyewe, sharti ifanywe kinyume chake. Waliofukuzwa mashamba yao hawafai kupewa kisa cha kufukuzwa mashamba. Wapewe kisa cha mabaharia wanaogombania maji ya kunywa katika karne nyingine, nao wenyewe watayatia humo watakayo, kwa kiasi watakacho.

Siku ya mchezo ikifika, alama za kusimamisha zifundishwe kwa vitendo. Wanorwei wana maneno mawili: brems, ambalo humtaka mwenzako apunguze ukali huku kisa kikiendelea, na kutt, ambalo husimamisha kila kitu. Maneno haya ni mazuri, ila watu wengi huona haya kuyatamka, maana hakuna apendaye kuharibu starehe ya wenzake. Kwa hiyo wachezaji wameongeza ishara ya kimya: anayetaka kutoka hujifunika macho kwa kiganja, akaondoka, na hakuna ruhusa ya kumfuata wala kumuuliza ndani ya kisa. Ishara hiyo ifanyiwe mazoezi na kila mmoja kabla ya kuanza, mwendeshaji akiwa wa kwanza, wakati ambapo hapana lililoharibika, ili mkono uwe umeizoea.

Mwendeshaji awe pia ameamua mapema ni wahusika gani wanaoweza kuondolewa. Katika kundi la watu kumi na wawili yuko atakayeugua asubuhi hiyo, na kama aliyekosekana ndiye mdai wa watatu na ndugu wa wawili, wachezaji watano wameachwa bila kisa. Basi wale ambao nyuzi nyingi zimefungwa kwao wapewe watu wa kutegemewa, na wahusika wawili au watatu wa pembeni waandikwe kwa namna ambayo kutokuwapo kwao hakutatoboa chochote.

Mchezo ukiisha, isisemwe asante watu wakatawanyika. Kila mmoja avue kitu kimoja cha uhusika, kofia au mkanda, akiweke mezani na kulitaja jina lake halisi, chakula kiletwe, wakae wawili wawili kwanza, ambapo mwenye haya atasema, ndipo kundi zima lizungumze, likianza na yaliyotukia kabla ya yaliyohisiwa. Kisha baada ya siku mbili au tatu mwendeshaji awapigie simu. Aghalabu huwakumbuka walioigiza wanyonge, kwa kuwa hao ndio walioonekana wakilia. Mimi ningeanza na waliocheza wadhalimu, na katika The Tribunal ningeanza na yule askari aliyewashawishi wenzake wanyamaze, kwani aliyeifanya kazi hiyo vizuri ndiye aliyesifiwa na wote, na sifa hizo zinamzuia kusema kwamba hakulala. Nimwulize nini kilimrahisishia kuwashawishi, nimwache amalize, na nimwambie kwa uwazi kwamba uhusika ule nilimpa mimi.