Dume la Mbegu Halianzii Mnadani

Mfugaji wa Mazimbu, Morogoro, anayetaka kukuza na kuuza madume ya mbegu ana majirani wa kumfaa na majirani wa kumharibia. Wa kumfaa ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopokea majengo na mashamba ya Mazimbu baada ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kuyakabidhi kwa Serikali mwaka 1992. Madaktari wake wa mifugo wako ng'ambo tu ya mji, chini ya milima ya Uluguru. Wa kumharibia hawana nia mbaya hata kidogo. Ni wenzake wa Mkata na Dakawa ambao makundi yao hukutana na lake kwenye maji wakati wa kiangazi, na kila kundi lina madume yake.

Tanzania tuna somo letu wenyewe juu ya kukuza mbegu na kuifikisha kwa wafugaji. Ng'ombe aina ya Mpwapwa walitengenezwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, mkoani Dodoma. Sehemu kubwa ya damu yao ilitoka kwa Red Sindhi na Sahiwal, ng'ombe wa Bara Hindi. Wakachanganywa na zebu wetu, Boran na kiasi kidogo cha Ayrshire. Mwaka 1958 wakatambuliwa kuwa aina kamili. Ilikuwa kazi ya kujivunia: ng'ombe anayevumilia ukame wa Dodoma na bado akatoa maziwa zaidi ya zebu wa kawaida. Lakini aina hiyo ilibaki zaidi kwenye mashamba ya Serikali, na madume yaliyowafikia wafugaji yakawa machache mno kuliko mahitaji.

Kenya walikwenda njia nyingine. Boran, ng'ombe wa Waborana, waliingia katika ranchi za familia za walowezi, na mwaka 1951 wafugaji hao wakaunda chama chao cha kutunza kumbukumbu za ukoo. Baadaye damu hiyo ilivuka hadi Zambia, Afrika Kusini na Australia. Nisifiche kwamba ranchi nyingi za Laikipia zilisimama juu ya ardhi waliyohamishwa Wamaasai, na uzio mpana ulirahisisha kila kitu. Hata hivyo, naamini kilichowabeba zaidi ni kwamba aliyeandika daftari ndiye aliyeuza dume, na dume likishindwa kazi, mnunuzi alijua mlango wa kurudi kugonga.

Daftari lenyewe si kazi ngumu. Ndama akizaliwa, avishwe hereni, iandikwe tarehe, mama na baba. Akiachishwa kunyonya, karibu miezi saba au minane, apimwe uzito, hata kwa utepe wa kifua. Hapo ndipo wengi hukosea: hulinganisha ndama aliyezaliwa mwanzo wa masika na aliyezaliwa kiangazi, kisha humsifu wa kwanza kwa nyasi alizokula mama yake. Walinganishwe wa msimu mmoja, wa malisho yale yale. Tena mama atazamwe kuliko ndama: anazaa kila mwaka? Anabaki na mwili wakati ananyonyesha?

Sasa hesabu. Familia yenye majike 40, yakizaa 24 kwa mwaka, itapata madume kama 12. Kati ya hayo, labda mawili au matatu yanastahili kuitwa mbegu. Yaliyobaki yapite kwenye burdizo, koleo la kuhasi, kabla hayajaanza kupanda mitamba, yawe maksai wa kunenepeshwa na kwenda mnadani. Kuhasi ndiko kunakomuuma mfugaji, kwa kuwa kila dume lina rangi au nundu ya kupendeza. Lakini anayeuza madume yote 12 kama mbegu hajachagua chochote. Maksai hulipia chumvi, josho na dawa. Faida hutoka kwenye yale mawili au matatu.

Madume hayo yasinenepeshwe kupita kiasi. Mashudu ya alizeti na pumba yatolewe kwa kipimo, kwa sababu mafuta yakijaa juu ya korodani huzuia joto kutoka, na mbegu hudhoofika. Homa nayo hufanya hivyo hivyo. Mbegu ya dume huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo dume lililougua ndigana mwezi uliopita linaweza kuonekana zima kabisa na bado likapanda bila kutia mimba. Kabla ya kuuza, daktari apime mzunguko wa korodani, achunguze mbegu kwa darubini, na damu ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei bila aibu.

Mnadani bei hupangwa kwa macho na kwa nyama, ndiyo sababu dume la mbegu liuzwe nyumbani, mnunuzi akiwaona mama na dada zake zizini. Aambiwe ukweli mapema: dume lililokomaa linatosha majike 25 hadi 30, dogo la miaka miwili lipewe nusu ya hapo. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, mabinti zake wanafikia kupandwa, naye lazima aondoke. Familia mbili zinaweza kubadilishana. Na kama mnunuzi hatahasi madume yake ya zamani, wala kuelewana na wenzake wanaonywesha naye maji, pesa yake itapotea, maana jike halingoji dume lenye hereni.

Kwa hiyo ukienda kununua, omba daftari, kisha omba uonyeshwe mama. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kimojawapo, mlipe bei ya nyama, si zaidi.