Kulisoma zege la nguzo za msingi likiwa bichi

Zege la nguzo ya msingi iliyochimbwa mita 30 kwenda chini huhukumiwa likiwa bichi. Kyubu zinazovunjwa maabara siku ya 28 hutueleza nguvu ya zege lililojazwa kwenye kasha safi, mchana kweupe. Hazituelezi kama zege hilo lilipenya kati ya nondo na kuujaza ukuta wa shimo.

Mashimo ya pwani, Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi huwa na maji, au hushikiliwa na tope la bentonaiti yasibomoke. Zege hushushwa kwa bomba la tremi hadi chini kabisa, na mdomo wa bomba hubaki umezama ndani ya zege muda wote. Vaibreta haitumiki humo. Zege litembee kwa uzito wake na kulisukuma tope juu.

Anza na koni ya slampu, lakini usipime kushuka peke yake. Inua koni juu ya bamba lililolala sawa, kisha pima upana wa duara lililotandaa, mara mbili kwa kukatisha. Mwongozo wa EFFC, shirikisho la wakandarasi wa misingi la Ulaya, na DFI, taasisi ya misingi ya kina ya Marekani, unapendekeza milimita 400 hadi 550. Mimi hutazama ukingo kwanza. Zege zuri hufika ukingoni pamoja na kokoto zake, kila moja imevikwa uji wa saruji. Ukiona utepe wa maji umezunguka duara, au kokoto zimerundikana katikati kama kichuguu, usilipokee, hata kama kipimo kimetimia.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote halihitaji mashine. Chukua ndoo ya zege la lori la kwanza, iweke kivulini ikiwa imefunikwa, urudie slampu kila saa hadi lori la mwisho limwage. Zege lililotangulia husukumwa na linalofuata. Likianza kushika mapema, hukwama kwenye nondo na kufungia tope ndani ya nguzo. Kwa joto letu, kemikali ya kuchelewesha kushika si anasa.

Zege likiwa zito, fundi asiguse bomba la maji. Ulaini utafutwe kwenye kemikali ya kulainisha, kwa kiasi, kwani ikizidi nayo hutenganisha kokoto na uji. Zege linalotoa maji juu likitulia mara nyingi lina upungufu wa chembe laini: badili mchanga, au ongeza pozolana. Kokoto zisizidi robo ya nafasi iliyo kati ya nondo. Milimita 20 hufaa nguzo nyingi.

Kichwa cha nguzo kikishachongwa, kagua kandokando ya nondo. Vijifereji vyembamba vilivyosimama wima ni njia ya maji yaliyopanda, na mchanganyiko huo urekebishwe kabla ya nguzo inayofuata kumwagwa.