Mwanga Chini ya Kanga: Tiba ya Manjano ya Mtoto Mchanga Ilivyotoka Wodini

Kifaa chenyewe ni kidogo. Kuna kasha linalokaa mezani, mrija unaotoka kwenye kasha hilo, na mwishoni mwa mrija pedi bapa iliyofumwa kwa nyuzi laini zinazopitisha mwanga. Taa imo ndani ya kasha na joto lake hubaki humo humo. Kinachofika kwenye pedi ni mwanga wa buluu, na ukiigusa haiunguzi. Mtoto anavuliwa nguo zote isipokuwa nepi, pedi inagusishwa na mgongo wake mtupu au inazungushwa kiwiliwili, kisha anafunikwa kanga juu yake. Mama anampakata na kumnyonyesha huku tiba ikiendelea. Kwa kuwa mwanga umefichwa chini ya nguo, macho ya mtoto hayahitaji kufungwa kitambaa kama inavyofanyika wodini chini ya taa za juu.

Pedi za namna hii zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980, nazo zikafungua njia ya kumtibu mtoto mwenye manjano akiwa kwao. Ninachotaka kukichambua hapa ni kitu gani hasa kilihama kutoka hospitali kwenda nyumbani. Ukitazama picha utasema ni taa. Ukisoma masharti yaliyosafiri pamoja nayo utaona kwamba taa ilikuwa mzigo mwepesi. Kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba damu ya mtoto aliye nyumbani inapimwa kila siku na majibu yanasomwa siku hiyo hiyo.

Mtoto anazaliwa na chembe nyekundu nyingi za damu, na chembe hizo huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima. Zikivunjika, himoglobini iliyomo hugeuka bilirubini, kitu cha njano kisichoyeyuka majini. Kwa mtu mzima ini hukibadilisha kikaweza kuyeyuka na kutoka pamoja na nyongo. Ini la mtoto wa siku mbili tatu bado ni changa kwa kazi hiyo, basi bilirubini inalundikana, macho na ngozi vinaingia njano. Kwa watoto wengi hupita yenyewe. Kwa wachache hupanda mpaka ikaingia kwenye ubongo, na hapo hakuna kurudi nyuma: uziwi, macho yanayoshindwa kutazama juu, viungo vinavyojipinda bila hiari maisha yote. Mtoto huyo alizaliwa mzima, akalia vizuri, akanyonya. Inauma kuandika kwamba ulemavu wa namna hiyo bado unatokea wakati kinachouzuia ni mwanga.

Aliyeona kwamba mwanga unafanya kazi alikuwa muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Ward alikuwa na kawaida ya kuwatoa watoto njiti uani wapate jua na hewa. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye mwili wake ulikuwa umepauka, ila palibaki pembetatu moja ya njano kali mahali palipokuwa pamefunikwa na ncha ya shuka. Baadaye kidogo, chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano iliachwa dirishani juani, na ilipopimwa bilirubini ilikuwa imeshuka sana kuliko ilivyotarajiwa. Daktari Cremer na wenzake, Perryman na Richards, wakatengeneza mtambo wa taa za tyubu za buluu juu ya kitanda cha mtoto, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Marekani ilichelewa kuamini. Ni jaribio la Lucey na wenzake huko Vermont, lililochapishwa 1968, lililoigeuza tiba hii kuwa jambo la kawaida wodini.

Kinachotokea ni kwamba mwanga unaipiga bilirubini iliyo kwenye mishipa midogo ya ngozi na kuigeuza umbo. Katika umbo jipya inaweza kuyeyuka majini, kwa hiyo inatoka na nyongo bila kusubiri ini liifanyie kazi. Umbo moja, liitwalo lumirubini, halirudi tena kuwa bilirubini, na hutoka pia kwa njia ya mkojo. Tiba nzima inategemea hilo, na ndiyo sababu mwanga huu unastahili kuitwa dawa: una dozi yake kama dawa nyingine.

Dozi hiyo inaanzia kwenye rangi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinataja mwanga wa kati ya nanomita 460 na 490, buluu ya upande wa kijani. Inafuata nguvu: kwa tiba kali kinataka isipungue mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita, ilhali taa za kawaida za zamani mara nyingi zilitoa 8 hadi 10 tu. Tofauti hiyo jicho haliioni. Tyubu iliyochakaa bado inawaka buluu ya kupendeza, na mtoto chini yake hapati chochote cha maana. Ukiinyanyua taa mbali na kitanda, nguvu inaanguka vilevile. Kuna kifaa cha mkononi cha kupima nguvu hiyo, na wodi isiyo nacho inatibu kwa kubahatisha. Tena kuna eneo la ngozi linaloguswa na mwanga. Pedi inagusa upande mmoja wa mwili, kwa hiyo haifikii kazi ya taa za juu na chini zikiwaka pamoja. Inatosha kwa mtoto ambaye bilirubini yake imevuka kidogo mstari wa kuanza tiba. Aliyeuvuka kwa mbali, pedi pekee haimfai.

Hapa niseme wazi na mafundi wetu wanisikie. Balbu ya dukani iliyopakwa rangi ya buluu si tiba. Ukanda wa LED wa kupambia sebule si tiba, kwa sababu hakuna aliyepima unatoa nanomita ngapi na kwa nguvu gani. Na zile taa za kuua vijidudu, ambazo nazo huonekana za rangi ya buluu, hutoa mionzi inayounguza ngozi na macho. Zisimkaribie mtoto hata kidogo.

Uswidi walilijaribu suala la nyumbani kwa utaratibu mzuri. Utafiti uliochapishwa 2021 ulichukua watoto 147 waliozaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi, ambao bilirubini yao ilihitaji tiba ya mwanga, wakagawanywa kwa kura: baadhi wakatibiwa nyumbani kwa pedi, wengine hospitali kama kawaida. Kati ya waliopangiwa nyumbani, asilimia 4 tu ndio waliolazimika kulazwa. Ni matokeo mazuri sana. Lakini tuangalie ni watoto gani waliohusika, na ni nchi gani: mahali ambapo wazazi wanajua wampigie nani usiku, umeme haukatiki, na maabara hujibu ndani ya saa chache.

Masharti ya mwaka 2022 ya chama kile cha Marekani yanaonyesha mantiki hiyo hiyo kwa undani zaidi. Mtoto wa kutibiwa nyumbani awe amezaliwa na wiki 38 au zaidi, awe ametimiza saa 48, awe mchangamfu na ananyonya vizuri, asiwe na hatari nyingine ya ubongo kudhurika, awe hajawahi kuwekwa chini ya taa kabla. Bilirubini yake isizidi mstari wa kuanza tiba kwa zaidi ya miligramu 1 kwa desilita. Kifaa cha LED kiwe kinapatikana nyumbani bila kuchelewa, na damu iweze kupimwa kila siku.

Kila sharti lina kazi yake. Saa 48 zipo kwa sababu manjano yanayotokea ndani ya siku ya kwanza karibu kila mara yana ugonjwa nyuma yake: damu ya mama na ya mtoto kutopatana, au maambukizi. Huyo ni wa hospitali, basi. Kunyonya kupo kwa sababu bilirubini iliyotolewa na nyongo inafyonzwa tena utumbo usipofanya kazi. Mtoto asiyepata choo anairudisha damuni ile ile tuliyoihangaikia. Hatari nyingine inayotajwa ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na hili linatuhusu sana, maana upungufu huo umeenea katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi. Mtoto mwenye hali hiyo damu yake inaweza kuvunjika ghafla kwa sababu ya vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyoweka kabatini kufukuza nondo. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa na vidonge hivyo zinatosha kumletea balaa. Natamani kila mama mjamzito aambiwe hilo kliniki kabla hajazitoa nguo za mtoto aliyetangulia.

Sharti la damu kila siku ndilo linalobeba yote, na sababu yake inatoka pale pale Rochford. Mwanga huipausha ngozi kwanza. Mtoto aliyekaa kwenye pedi usiku kucha ataonekana amepona huku bilirubini ya damu yake bado iko juu, au inapanda. Jicho la bibi mzoefu, jicho la daktari, hata kile kipimo kinachobonyezwa kwenye paji la uso, vyote vinadanganywa na ngozi iliyopaushwa. Inabaki damu ya kisigino. Na kwenye ngozi nyeusi hata kabla ya tiba njano hujificha; unabonyeza ncha ya pua au unatazama ufizi, na bado unaweza kukosea vibaya.

Namba yenyewe nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Maabara nyingine huandika mikromoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. Mikromoli 17 ni sawa na miligramu 1 hivi, na kuchanganya vipimo hivyo viwili ni hatari. Tena namba bila umri wa mtoto kwa saa haina maana. Kwenye chati inayotumika Uingereza, mtoto wa wiki 38 na zaidi anaanza tiba akifika mikromoli 250 akiwa na saa 48, mikromoli 300 akiwa na saa 72, na 350 kuanzia saa 96. Majibu ya 260 ni dharura ya leo kwa mtoto wa siku mbili, na kwa wa siku nne ni jambo la kuangaliwa tu. Anayepokea majibu lazima ajue mtoto alizaliwa saa ngapi. Hata tiba ikisimamishwa, bilirubini huweza kupanda tena, kwa hiyo kinahitajika kipimo kingine baadaye.

Kwetu tatizo linaanza na kalenda. Mama aliyejifungua salama mara nyingi anaruhusiwa ndani ya siku moja, na bilirubini hufika kileleni siku ya tatu hadi ya tano. Kilele kinamkuta mtoto nyumbani. Pwani, mzazi na mtoto hukaa ndani mpaka arobaini, katika chumba chenye mapazia, na mwanga hafifu huo unaficha njano vizuri sana. Anayegundua hugundua mtoto ameshaacha kunyonya, analegea au anajipinda mgongo.

Ushauri unaotolewa basi ni jua la asubuhi. Sista Ward naye alitumia jua, mtu atasema. Ni kweli, lakini dakika chache za jua la saa moja asubuhi hazifiki dozi, na ukimwacha mtoto uchi juani kwa saa nyingi utamuunguza ngozi na kumkausha maji. Waliojaribu kulitumia jua kwa haki ni watafiti waliofanya kazi Lagos, Nigeria. Walisimamisha mahema yaliyofunikwa karatasi maalumu inayozuia mionzi inayounguza na kupunguza joto huku ikiruhusu buluu ipite. Mama alikaa ndani na mwanawe, na joto la mtoto lilipimwa mara kwa mara. Matokeo yalichapishwa 2015: jua lililochujwa lilifanya kazi katika asilimia 93 ya siku za tiba, taa za kawaida asilimia 90. Ni kazi ya kujivunia Afrika nzima. Ila mahema hayo yalikuwa hospitalini, wauguzi wakiwa karibu na damu ikipimwa. Halikuwa jua la uani.

Kuna jambo moja la kutenganishwa na haya yote. Mtoto anayebaki njano baada ya wiki mbili, hasa akiwa na choo cheupe na mkojo wa rangi nzito, asiwekewe taa yoyote kabla hajachunguzwa hospitali. Huenda mirija yake ya nyongo imeziba, na upasuaji hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla ya siku 60.

Kwa kuwa yote yanategemea kupima damu, kifaa kinachonipa matumaini zaidi hakitoi mwanga wa tiba. Kinaitwa BiliSpec. Kilibuniwa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, na kikajaribiwa katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, matokeo yakachapishwa 2017. Tone la damu linawekwa kwenye kijikaratasi, karatasi inachuja chembe nyekundu, na kisomeo kidogo cha betri kinatoa namba ndani ya dakika chache bila maabara. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, yaani siku zile zile ambazo bilirubini inapanda. Mkunga wa zahanati akiwa na kisomeo cha aina hiyo siku ya tatu, mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi, anayenyonya vizuri, mwenye mikromoli 310 akiwa na saa 72, anaweza kurudi kwao na pedi na miadi ya kesho asubuhi. Mwenye 430 aitiwe gari la wagonjwa saa hiyo hiyo, namba na saa ya kuzaliwa vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi ya rufaa.