Hongera kwa Wapima Matangi

Katika gereji za Marekani, ambako watu huunda wenyewe ndege ndogo za aina ya RV, kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni kupima tangi la mafuta. Tangi hilo ni sehemu ya mbele ya bawa lenyewe: mabati ya alumini yaliyoshikwa kwa mamia ya ribiti, kila kiungo kimepakwa gundi nzito yenye harufu kali inayong'ang'ania vidole.

Gundi ikikauka, fundi huziba matundu yote, huvisha puto kwenye moja, kisha hujaza hewa taratibu. Presha ya pauni 1 hivi kwa inchi ya mraba inatosha; ikizidi sana, bati huharibika. Halafu hupaka maji ya sabuni, ribiti kwa ribiti, tochi mkononi, akitafuta povu linalochomoza.

Puto nalo hudanganya. Jua likipanda, hewa ya ndani hutanuka na puto hufura. Baridi ikiingia hulegea, ingawa tangi ni zima. Mafundi makini huangalia kipimajoto kabla ya kulaumu gundi, na kwa utulivu huo nawavulia kofia.

Wanajua kwamba tundu lililopuuzwa litajitangaza baadaye kwa doa la buluu, rangi ya petroli ya ndege. Kwa hiyo anayekuta uvujaji asioweza kuufikia hutoboa bati la nyuma la tangi alilolifunga kwa mikono yake, akapaka gundi upya, akaziba, akapima tena.