Mwavuli wa Rikka

Kila mtaa wa ng'ambo ya Mombasa, uwe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, una steringi wake. Ni kijana wa miaka kumi na minne hivi, kajifunga kitambaa cha Naruto kipajini, hukimbia mikono kairusha nyuma, na ukimwita jina alilopewa na wazazi haitiki. Angezaliwa mapema angekuwa Bruce Lee, au angetembea kwa madaha ya Amitabh Bachchan wa Sholay, filamu ya 1975. Wanaomcheka zaidi ni wale waliokuwa kama yeye juzijuzi tu.

Kuhusu vijana wa namna hii, yule anayejifanya na yule anayejutia kujifanya, studio ya Kyoto Animation ya Japani ilitengeneza kichekesho cha mapenzi ambacho mimi nakivulia kofia. Kinaitwa Chūnibyō demo Koi ga Shitai! Kilianza kuonyeshwa Oktoba 2012, mwelekezi akiwa Tatsuya Ishihara, na kilitokana na vitabu vya mwandishi Torako. Yuta Togashi anaingia shule ya upili iliyo mbali na wanaomjua, apate kulizika jina alilojipa zamani, Dark Flame Master, pamoja na koti lake jeusi. Anataka kuwa mtu wa kawaida, basi. Kumbe ghorofa ya juu anakaa Rikka Takanashi, msichana aliyeziba jicho moja akiamini lina nguvu za ajabu, naye humjia kwa kuteremka na kamba hadi kwenye roshani.

Ufundi wenyewe uko kwenye mapigano. Rikka akikabiliana na dada yake, Toka, anga hupasuka, silaha kubwa hung'aa, cheche na vumbi huchorwa moja moja. Mara picha inakatika. Mtoto kashika mwavuli. Dada mtu, ambaye ni mpishi, kashika upawa. Mchekeshaji mvivu angetuonyesha mwavuli peke yake, maana mwavuli ni rahisi kuchora. Hawa walimwaga jasho lao kwenye kitu kisichokuwepo, wakakichora vizuri kushinda filamu nyingi za vita vya kweli. Kwa hiyo unapomcheka Rikka hujasimama juu yake. Ulikuwa naye vitani sasa hivi, nawe pia umefumaniwa na mwavuli mkononi.

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Wachoraji wa Japani hawachori zote. Aghalabu mchoro mmoja hukaa fremu mbili au tatu, kazi ipungue. Ukilijua hilo unaanza kuangalia vidole. Vidole vinavyojikunjakunja mtu akitafuta neno la kusema, shingo inayogeuka nusu ikaghairi, wekundu unaopanda mashavuni: kila kimoja kuna mtu alikaa mezani akaamua kuwa kinastahili mchoro wake. Haya ya mapenzi ya kwanza haina maneno mengi, na waliokiandika kisa hiki hawakuilazimisha iseme.

Studio yenyewe ilianza mwaka 1981 kwa kazi ya kupaka rangi michoro ya studio nyingine. Baadaye ikajulikana kwa kuwaajiri wachoraji wake kwa mshahara, katika biashara ambayo wengi hulipwa kwa kila mchoro. Naona siri iko hapo. Anayehesabiwa michoro atauhangaikia ukucha wa nini? Ndiyo maana inauma kukumbuka kuwa tarehe 18 Julai 2019 mtu alilichoma moto mojawapo ya majengo yake, na watu 36 wakafa.

Katikati ya kisa tunajua kwa nini Rikka hataki kulifungua jicho. Baba yake aliugua, wakubwa wakamficha, na habari aliyoipata ilikuwa ya kifo. Pwani tunakujua kuficha huku. Maziko kwetu ni ya haraka, na mtoto hupelekwa kwa jirani akacheze. Akirudi anakuta mikeka imetandikwa, watu wanasoma, na hakuna anayemweleza kitu. Halafu tunashangaa akianza kusema na watu tusiowaona. Kisa hiki hakimtaki Yuta amponye. Kinamtaka aliyejua lugha ile zamani aizungumze tena, ijapokuwa inamwaibisha mbele za watu, na hapo ndipo mapenzi yao yanapoaminika.

Si kila kitu kimekaa sawa. Kumin, mhusika mwingine wa kulala mchana kutwa, mimi namwona hana kazi. Msimu wa pili, wa 2014, una vicheko, lakini wapenzi wanazunguka palepale kama matatu iliyokosa abiria. Tafuta vipindi 12 vya kwanza. Muuza muvi atataka kukujazia flashi filamu za vita, mkatalie. Na kama una steringi nyumbani, tazama naye, wala usimwambie kwa nini.